Namna ya kumfundisha kozi mdogo kufuata chambo

Anayempata kozi wake wa kwanza, yaani yule ndege mwindaji, huanza na swali hili: chambo (kile kifurushi cha ngozi na mabawa kinachofungwa nyama na kuzungushwa kwa kamba ili kumwita ndege) kinazungushwaje? Mkono ukae wapi, kamba iwe ndefu kiasi gani, ndege apitishwe mara ngapi kabla ya kupewa. Nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naliandika lote mahali pamoja, na nitaanza kwa kuwaudhi wenye haraka: kuzungusha ni hatua ya tisa. Kabla yake kuna mizani, kuna glavu, na kuna kazi isiyopendeza kutazamwa ya kupiga magoti kwenye nyasi ukimbembeleza ndege wa gramu 200 akubali usogee karibu na chakula chake. Wengi ninaowajua waliopoteza ndege hawakuzungusha vibaya. Walikosea kwenye mizani au pale chini kwenye nyasi.

Kozi ninayemsema hapa (ndege, si ile kozi ya chuoni) ni wa aina ndogo. Kuna kestreli, yule anayening'inia hewani akiukabili upepo huku akitazama chini, na merlini, mwenye mbio na tamaa. Kestreli wa kawaida, Falco tinnunculus, dume huwa na gramu 150 hadi 190 hivi na jike 180 hadi 250. Kestreli wa Marekani, Falco sparverius, ni mdogo zaidi; wengi wana gramu 100 hadi 130. Merlini dume ni gramu 160 hivi, jike huvuka 200. Ziweke namba hizi kichwani kwa sababu hatari karibu zote zinatoka humo. Kozi mkubwa wa kilo moja akipungua gramu 10, amepoteza asilimia moja ya mwili wake. Kestreli wa Marekani akipungua gramu 10, amepoteza karibu sehemu ya kumi.

Kuhusu sheria, nitakuwa mfupi: kozi wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, na nchi nyingi zinataka kibali cha kumfuga na kumrusha. Ndege awe amezaliwa kwenye ufugaji, awe na pete mguuni na karatasi zake. Kinda wa kiotani mwachie mama yake. Na kama unaweza kumpata mtu aliyewahi kufanya kazi hii akakaa nawe hata jumamosi mbili tatu, mtafute kabla ya kumtafuta ndege.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja, na kwa ndege wa chini ya gramu 150 tafuta inayosoma sehemu ya gramu. Ifungie kitulio juu yake ili ndege asimame bila kusumbuka. Hiki ndicho kifaa cha kwanza kununua, na ndicho cha mwisho kubania pesa.

Glavu ya ngozi laini. Kwa ndege mdogo huhitaji ngozi nene ya kuchomelea vyuma; glavu nyepesi inakuwezesha kuhisi anavyokanyaga.

Pingu, yaani vikanda vya ngozi vya miguuni. Uwe na jozi mbili. Ya nyumbani ina tundu la kupitishia kamba. Ya kurukia haina tundu lolote, kwa sababu tundu hunasa kwenye kijiti mtini, na ndege aliyenaswa mtini usiku kucha ananing'inia kichwa chini hadi anakufa. Watu huona uvivu kubadilisha. Badilisha.

Kamba fupi ya kumfungia kwenye kigogo, pamoja na kiungo kinachojizungusha ili kamba isijisokote. Kigogo chenyewe kiwe na kichwa kilichofunikwa kapeti fupi au nyasi bandia, nyayo zisiote vidonda. Beseni la maji ya kuoga.

Ugwe wa mazoezi: uzi mwepesi wa kusuka, mita 50, umezungushiwa kwenye kijiti. Uzi mwembamba kama wa kuvulia samaki hukata vidole, na mnene humlemea ndege.

Njuga ndogo, na kifaa cha kumfuatilia kinachotoa mawimbi ya redio. Kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Kwa ndege wa gramu 200 hiyo ni gramu 6. Watu huuliza kama njuga peke yake inatosha. Njuga inatosha akiwa kwenye mti ulio mbele yako. Akivuka kilima, haikusaidii kitu.

Mfuko wa nyama wa kiunoni unaooshwa kila siku, filimbi (au mluzi wako, kama una meno yote), na daftari.

Chakula kiwe ni vifaranga wa siku moja, kware, au panya wa kufugwa. Kilichogandishwa kiyeyuke kabisa hadi ndani. Usimpe njiwa mbichi, maana njiwa wengi hubeba vimelea vya Trichomonas, na kozi akivipata huota ukoko kinywani na kooni hadi ashindwe kumeza. Wala usimpe mnyama aliyepigwa kwa bunduki, kwa sababu chembe za madini ya risasi zikibaki kwenye nyama humwua.

Hatua kwa hatua

1. Mpime kabla ya kumfundisha chochote. Mpime kila siku saa ile ile, gole (mfuko wa chakula wa kooni) likiwa tupu na akiwa ameshatema donge lake. Donge ni lile fungu la manyoya na mifupa analolitapika, kwa kawaida asubuhi. Asiyelitema hapimwi, halishwi, wala harushwi. Andika tarehe, saa, uzito, gramu alizokula, hali ya hewa, na alichofanya siku hiyo. Siku 4 au 5 za mwanzo mlishe ashibe, upate uzito wake wa shibe. Kestreli wa gramu 200 hula gramu 35 hadi 50 hivi kwa siku, na siku ya baridi huhitaji zaidi.

Kila asubuhi, kabla ya kumweka ndege, weka juu ya mizani kitu ambacho unajua uzito wake. Mimi hutumia sarafu tano zilizofungwa kwa utepe. Nilianza desturi hiyo baada ya betri iliyokuwa inakufa kunidanganya: mizani ilisoma gramu 6 pungufu, nikamrusha dume wangu nikidhani ana njaa, kumbe ameshiba kama mgeni wa arusi. Alipaa, akanitazama mara moja, akaondoka. Nitamrudia mwishoni.

2. Mfundishe kula kwenye glavu. Kaa naye jioni, kwenye chumba chenye mwanga hafifu, kinofu kikiwa katikati ya vidole vyako. Usimkazie macho, kwa ndege, anayekodoa macho ni adui anayepima. Akijirusha akaning'inia kwa pingu, mrudishe juu ya glavu taratibu kwa kiganja mgongoni, bila maneno. Siku ya kwanza huenda asile. Siku ya pili atanyofoa. Kuanzia kinofu cha kwanza, piga filimbi kila anapoona nyama, sauti ile ile, mara mbili. Kisha mrukishe kutoka kigogo hadi glavu: kwanza urefu wa mguu wake, halafu kiganja, halafu mkono mzima. Mizani, daktari na safari zote zinapitia kwenye glavu, kwa hiyo usiiruke hatua hii hata kama lengo lako ni chambo.

3. Tafuta uzito wake wa kurukia. Wahenga walisema: kozi mwandada, kulala na njaa kupenda. Walimsema kozi wa mwituni, fundi wa kuwinda, ambaye akilala njaa amejitakia. Huyu wa kwako akilala njaa, umetaka wewe. Kwa hiyo punguza posho kwa vipimo vidogo: kwa ndege wa gramu 200, uzito ushuke gramu 2 au 3 kwa siku, usizidi hapo. Wengi huanza kuitikia wakiwa karibu asilimia 10 chini ya uzito wa shibe, lakini hesabu hiyo ni ya kukuonyesha njia tu. Jibu analo ndege. Ukimwonyesha nyama na akaja ndani ya sekunde 3 bila kugeuza kichwa huku na huku, umefika. Usishuke zaidi.

Kila siku gusa kidari chake kwa kidole. Mfupa wa kati uusikie, lakini nyama ya pande zote mbili iwe imejaa. Mfupa ukisimama kama ukingo wa kisu, umepitiliza. Dalili nyingine ni kujitutumua manyoya mchana, macho kufumba nusu, kinyesi kuwa cha kijani, na kushika glavu kwa kulegea. Ukiziona, mazoezi yamekwisha: mweke mahali penye joto, mpe vinofu vidogo vyenye unyevu, visivyo na mifupa wala manyoya, kidogo kidogo, na mpigie daktari wa ndege siku hiyo hiyo. Usimjaze chakula kizito kwa huruma. Ndege aliyekonda hana nguvu ya kukisaga, na mlo huo unaweza kumwua.

Kinda ambaye manyoya yake bado yanakua asipunguzwe kabisa. Njaa ya wakati huo huacha mstari dhaifu unaokatiza manyoya yote, na yatakatikia hapo hapo miezi kadhaa baadaye. Subiri mashina ya manyoya yakauke damu.

4. Tengeneza chambo. Vipande viwili vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, mchanga kidogo ndani, na jozi ya mabawa makavu ya kware kila upande. Kusiwe na chuma, kusiwe na kona ngumu. Kiwe kizito kiasi cha kumfanya asikibebe kwa raha, lakini kiwe laini kiasi kwamba kikimgusa hakimwumizi. Kwa kestreli wa gramu 200 mimi hutumia cha gramu 40 hivi, nyama ikiwemo. Kamba iwe mita 2 na nusu, mwisho wake kijiti cha kushikia. Funga nyama pande zote mbili, na uifunge kwa uzi. Akiweza kuing'oa yote kwa mvuto mmoja, ataondoka nayo kwenda kula mtini, na amejifunza kitu ambacho utahangaika nacho msimu mzima.

5. Mkutanishe na chambo. Ndege awe kwenye glavu, kamba yake ikiwa imefungwa. Weka chambo chini, umbali wa hatua moja, nyama ikionekana. Piga filimbi. Akisita, subiri, usikitikise usoni kwake kama anayetania mtoto. Akiruka akakikanyaga, mpe posho yote ya siku hiyo juu yake. Rudia siku 2 au 3, hadi akiona mabawa ya kware tu anainama kujiandaa kuruka.

6. Jifunze kumsogelea akiwa chini. Hii ndiyo hatua watu wanayoiruka, nami nitakaa nayo zaidi kuliko zote.

Kozi aliye chini na nyama ni kama mtu anayehesabu pesa gizani: kila kivuli ni mwizi. Atatandaza mabawa kuifunika, atageuza shingo kila upande. Ukimjia wima, kwa hatua ndefu, macho kwake, wewe ndiye mwizi. Leo atajirusha na kamba itamzuia. Siku atakayokuwa huru hakuna cha kumzuia.

Basi mwache aanze kula. Subiri anyofoe mara tatu nne. Shuka magotini uende kwa kuzunguka kidogo, si moja kwa moja, ukitazama nyasi. Akiacha kula na kunyoosha shingo, simama hapo hapo ulipo. Akiinamia nyama tena, sogea tena. Ukimfikia, weka kinofu kizuri kuliko anachokula mbele ya miguu yake, juu ya chambo. Kisha rudi nyuma.

Ndiyo, rudi nyuma bila kumchukua. Fanya hivyo mara mbili au tatu katika mlo mmoja, siku kadhaa. Unataka ajue kwamba ukija chakula kinaongezeka. Ndege aliyelielewa hilo anakutazama ukija na anakusubiri. Sijaona zoezi jingine linalolipa kama hili.

Kumnyanyua ni kubadilishana. Ingiza glavu yenye nyama nono mbele ya kifua chake, chini kabisa, apande mwenyewe mguu mmoja mmoja. Akishainamia nyama ya glavu, kifunike chambo kwa mkono wa pili na ukitelezeshe mfukoni, akiwa hana habari. Shika pingu kimya. Kamwe usikivute chambo kutoka chini ya kucha zake. Ukimpokonya mara moja utalipa wiki mbili.

7. Mvushe kwenye ugwe. Tafuta uwanja wazi wenye nyasi fupi, mbali na nyaya za umeme, barabara, miti na maji. Miiba na mabua hunasa ugwe. Ufunge ugwe kwenye pingu zote mbili, si moja, maana mshtuko ukija mguu mmoja utaumia. Kijiti kilale nyasini kwa uzito wake, kiburutike. Usikifunge kwenye nguzo wala kwenye mti. Ndege anayefika mwisho wa ugwe uliofungwa kwa mbio zake zote anaweza kuvunjika.

Msaidizi amshike, au mtue kwenye nguzo fupi. Simama upepo ukikupiga mgongoni, ndege akiwa mbele yako, ili aje akiukabili upepo. Kozi hutua vizuri hivyo. Upepo ukimsukuma kutoka nyuma atakupita bila kutaka. Piga filimbi, zungusha chambo mara mbili, kiangushe nyasini wazi. Anza mita 2. Kesho 5. Kisha 10, 20, 30, 50. Umbali unaongezwa pale tu alipokuja ndani ya sekunde 3 kwa umbali wa jana. Akichelewa, rudi nyuma hatua moja na utazame daftari.

Mwite mara moja au mbili kwa siku, basi. Wanaoanza wakiona amekuja vizuri wanataka kurudia, na mara ya sita ndege ameshashiba nusu, anakaa, na amejifunza kwamba filimbi si lazima iitikiwe. Akielekea kwingine, usikaze ghafla. Acha ugwe upite kwenye vidole vya glavu ukibana pole pole hadi atue, kisha mwendee kwa chambo.

8. Mwachie. Siku tatu mfululizo za mita 50, papo hapo, ni ruhusa tosha. Usimcheleweshe kwenye ugwe. Ndege anachoka kuuburuta na huanza kutua njiani. Siku yenyewe uzito uwe ule ule wa jana au gramu 1 chini. Upepo uwe mwepesi, na zibaki saa kadhaa za mwanga. Angalia mbingu yote kwanza: tai au kipanga mkubwa akiwa anazunguka, rudi nyumbani. Washa kifaa cha redio na uhakikishe kipokezi kinakisikia, ndege akiwa bado mkononi. Vaa pingu zisizo na tundu. Kisha mwite kutoka mita 20 tu, umbali ambao kwake ni mchezo. Chambo chini, posho yote, nyumbani. Moyo utakudunda kuliko wake.

9. Sasa zungusha. Fanya mazoezi bila ndege hadi mkono ujiendee wenyewe. Macho yako yanatakiwa yawe kwa ndege, si kwa chambo. Kijiti na kamba ya ziada vikae mkono wa glavu, mkono wa pili uzungushe chambo wima ubavuni, kama gurudumu. Ndege akishuka na kubakiza mita 2 au 3, kinyooshe chambo mbele yake na ukivute kielekee kule anakoelekea yeye, kimkimbie, kipite, kipande na kwenda. Yeye atapita, atapanda, atageuka. Huo ni mpito mmoja.

Kosa la kuogopa ni chambo kumwendea. Ndege anayeshuka na chambo kinachokuja wakigongana, kifua au bawa litaumia. Ukiona umechelewa au umechanganyikiwa, kiachie kianguke. Na akikuwahi akakikamata hewani, achia kijiti hapo hapo. Ameshinda, ni chake, ale.

Siku ya kwanza mpitishe mara moja tu kisha mpe. Ya pili mara 2. Panda hivyo kwa wiki kadhaa. Kestreli si mkimbiaji kama merlini. Wengine huridhika na mipito 8 au 10 na hupendelea kuning'inia juu ya kichwa chako wakikutazama kama wakaguzi. Usilazimishe. Akipanua mdomo kuhema, au mapigo ya bawa yakawa mazito, mpito unaofuata ni wa kumpa.

10. Mmalizie vizuri, kisha rekebisha uzito. Baada ya mpito wa mwisho piga sauti moja, ile ile siku zote, na uangushe chambo mbali kidogo nawe. Msogelee kwa utaratibu wa hatua ya 6. Nyumbani mpe maji aoge. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: ndege anayeruka kila siku anajenga misuli, na misuli ina uzito. Namba uliyoipata wiki ya kwanza haitafaa wiki ya sita. Mpandishe gramu 1 kila baada ya siku kadhaa maadamu anaitikia vilevile. Wapo ambao mwisho wa msimu huruka vizuri wakiwa karibu na uzito wao wa shibe. Mwenye kung'ang'ania namba ya zamani anamkondesha ndege mzima huku daftari likimwambia kila kitu kiko sawa.

Mambo yakienda kombo

*Anakaa tu, haji.* Tazama uzito, kisha hewa. Siku ya joto, gramu 180 zile zile ni shibe. Siku ya baridi ni njaa. Kama uzito ni sawa, tafuta kinachomtisha: mbwa, mwavuli, msaidizi aliyevaa kofia mpya. Usisimame nusu saa ukipiga filimbi. Piga mara tatu. Asipokuja, mwendee kimya, mchukue kwa kinofu kidogo, jaribu tena kesho. Filimbi isiyoitikiwa inachakaa.

*Anatua nusu njia.* Akiwa kwenye ugwe, huenda ugwe una umande au umenasa. Akiwa huru, umeruka hatua za umbali, au hana nguvu. Gusa kidari kabla ya kumpunguzia chakula.

*Anabeba chambo.* Merlini wana sifa mbaya hapa. Usimfukuze, kwa sababu kukimbizwa kunamthibitishia kwamba alikuwa sahihi kukimbia. Lala chini kabisa ikibidi, tupa vinofu, mkaribie kwa dakika 20 kama zitahitajika. Kesho rudi hatua ya 6 ukiwa na chambo kizito kidogo zaidi, na nyama iliyofungwa kwa uzi imara.

*Anatua kwenye glavu, au kichwani kwangu.* Ametambua chakula hutoka wapi. Ficha mkono wa glavu mgongoni anapokuja, wala usichote nyama mfukoni akiwa anakutazama. Vaa kofia. Kucha ni ndogo lakini ngozi ya kichwa inazisikia.

*Anapiga kelele kila anionapo.* Mara nyingi ni kinda aliyelelewa kwa mkono, au aliyeshushwa uzito haraka mno. Anakuona wewe ni mzazi mwenye chakula. Mpandishe uzito kidogo kidogo, na usimlishe anapopiga kelele. Usitarajie aache kabisa.

*Ameondoka.* Usikimbie. Simama ulipo, zungusha chambo, piga filimbi, tazama alikoelekea na uchague alama: paa, mti, mlingoti. Subiri angalau robo saa, kwani kestreli wengi huenda, huzunguka, na hurudi. Kisha fuata kifaa cha redio. Wasikilize pia ndege wadogo. Wakipiga makelele mahali pamoja kwa hasira, huenda wamemwona. Giza likiingia na umemwona mtini, usijaribu kumshusha. Weka alama, nenda kalale.

Rudi kabla hapajapambazuka. Yule dume wangu wa mizani mbovu nilimtafuta jioni nzima kwa tochi na kelele. Saa 12 asubuhi nilisimama pale pale nilipomrushia, nikazungusha mara mbili, na akashuka kutoka kwenye mti ambao usiku nilikuwa nimepita chini yake mara nne. Nilimpa posho nzima hapo hapo nyasini na nikamnyanyua taratibu. Ukimpata wa kwako, fanya hivyo hivyo: asirushwe tena siku hiyo, akaguliwe miguu na manyoya ya mkia, na kesho yake apimwe, baada ya zile sarafu.